Kwa kijiti au kwa vidole: kesi ya mashimelo na maana ya pipi

Jioni moja ya Agosti, nyumbani kwa dada yangu kaskazini mwa London, watoto waliachiwa makaa baada ya nyama kuisha. Kila mmoja alishika kijiti cha mwanzi, na kwenye ncha yake kulikuwa na kidude cheupe, laini, kinene kuliko yai la kuku. Mashimelo, marshmallow kwa Kiingereza: kitu kitamu cha sukari na jelatini. Kabla ya hapo dada aligeuza pakiti mara mbili akasoma yale maandishi madogo ya nyuma, apate hakika kwamba jelatini yake ni ya ng'ombe na ni ya halali, maana mashimelo mengi huku hutengenezwa kwa jelatini ya nguruwe. Aliporidhika akawaruhusu wachome.

Nilimtazama mpwa wangu mkubwa. Alikigeuza kipande chake taratibu juu ya makaa mpaka ngozi yake ikapiga rangi ya asali iliyoungua na kuanza kuvimba malengelenge. Akapuliza. Kisha akalivuta lile ganda kwa vidole viwili, likachomoka zima kama soksi, akalitia mdomoni. Ute mweupe uliobaki kwenye kijiti akaurudisha motoni, akaanza upya. Mdogo wake hakuwa na subira ya namna hiyo. Alikiuma kipande palepale kwenye kijiti, akaungua mdomo, akalia, akauma tena. Mama yao alikibana chake katikati ya biskuti mbili na kipande cha chokoleti, akala kama mtu anayekula mkate.

Kitu kimoja kililiwa kwa njia tatu. Baadaye nilipoisoma kesi ya Innovative Bites, kampuni iliyobishana na mamlaka ya kodi ya Uingereza, nilirudi kwenye jioni ile, kwa sababu fedha zilizobishaniwa pale, pauni 472,928, zilifika mahali zikategemea jambo hilohilo: mashimelo makubwa huliwaje?

Nianze na sheria yenyewe. Uingereza ilipoanzisha Kodi ya Ongezeko la Thamani mwaka 1973, chakula kiliwekwa kwenye kiwango cha sifuri. Muuzaji hamtozi mnunuzi kodi kwa unga, mchele, nyama wala mkate. Mwaka 1974 baadhi ya vyakula viliondolewa kwenye nafuu hiyo, kwa hoja kwamba si vya lazima: aiskrimu, vinywaji baridi, viazi vya kukaanga vya pakiti, na kundi zima la vitu vitamu ambalo Kiingereza kina neno moja la kuliita, confectionery, na Kiswahili hakina. Hapa nitaliita vitamutamu. Leo vitamutamu hutozwa asilimia 20. Keki hutozwa sifuri. Biskuti hutozwa sifuri, isipokuwa ile iliyofunikwa kwa chokoleti, nzima au sehemu yake.

Basi kila mwenye kiwanda ana sababu ya fedha ya kutaka kitu chake kiitwe keki, na mtoza kodi ana sababu ya kutaka kiitwe kitamutamu. Kwa hiyo Waingereza wamekuwa wakipeleka vyakula vyao mbele ya mabaraza ya kodi kwa miaka, na anayetaka kujua jamii moja inavyokiwekea mipaka kitu kitamu hatapata kumbukumbu nzuri kuliko hukumu hizo. Mwaka 1991 ilikuwa Jaffa Cakes, kile kiduara chenye jamu ya chungwa na chokoleti juu. Kinafungwa kama biskuti, kinawekwa kwenye rafu ya biskuti, kina ukubwa wa biskuti. Lakini kinaumuliwa kama keki, na zaidi ya yote, kikikaa nje kinakauka na kuwa kigumu kama keki inavyokauka, wakati biskuti ikikaa nje hulegea. Kikaamuliwa kuwa keki. Mwaka 2014, huko Scotland, ikawa zamu ya kitu kiitwacho Snowballs, tufe la mashimelo lililopakwa chokoleti na nazi. Wanabaraza waliwekewa sahani iliyojaa keki za namna mbalimbali wakakionja humo. Nacho kikatoka keki.

Angalia walichokuwa wakifanya. Hawakutafuta sukari ni gramu ngapi. Walitazama umbo, jina, rafu, mlaji, wakati wa kula, na kitu hicho kinakaa karibu na vitu gani. Walikuwa wakiuliza, kwa lugha ya kwetu, "hiki ni jamii ya nini?"

Sasa kampuni yetu. Innovative Bites ni wauzaji wa jumla wa vitamutamu vya Kimarekani, na miongoni mwa bidhaa zao ni Mega Marshmallows, mashimelo makubwa kuliko yale yanayouzwa kwenye pakiti za kawaida. Kuhusu yale madogo hakuna ubishi: ni kitamutamu, unalipa asilimia 20. Kampuni iliyauza yale makubwa kwa kiwango cha sifuri, ikisema ni chakula cha kupikia. HMRC, mamlaka ya kodi ya Uingereza, ikasema kubadili ukubwa hakubadili kitu, ikadai kodi ya miaka ya 2015 hadi 2019. Ukipiga hesabu kwa asilimia 20, pauni 472,928 maana yake ni mauzo ya zaidi ya pauni milioni 2.3. Hayo ni mashimelo mengi mno.

Mwaka 2022 baraza la kodi la ngazi ya kwanza liliipa kampuni ushindi. Hoja zake zilikuwa za mtu aliyewahi kwenda dukani: pakiti inaelekeza mnunuzi ayachome, ukubwa wake unayafanya yafae kwenye kijiti na moto, madukani huwekwa upande wa vitu vya kuokea au vya kuchomea nyama, na huuzwa zaidi majira ya joto, watu wanapokaa nje na majiko yao. Wapo wanaoyala mabichi kutoka kwenye pakiti, na baraza halikulikana hilo, ila likaona hilo silo lililoyafanya yatengenezwe na kununuliwa. Kwa jumla ya mambo hayo, si kitamutamu. HMRC ikakata rufaa, na mwaka 2024 Baraza la Juu likaukubali uamuzi huo.

Mwaka 2025 Mahakama ya Rufani ikaligeuza jambo, na hapa ndipo kesi inapokuwa na maana kwa mtu wa pwani yetu.

Katika sheria ya mwaka 1994 kuna maelezo yanayofafanua vitamutamu. Yanasema kundi hilo ni pamoja na chokoleti, peremende na biskuti (ingawa, kama nilivyosema, biskuti isiyofunikwa kwa chokoleti hurudishwa kwenye sifuri). Matunda yaliyopikwa na kuhifadhiwa kwa sukari. Na kitu chochote cha chakula kilichotayarishwa na kutiwa utamu ambacho kwa kawaida huliwa kwa vidole. Mabaraza yale mawili yalikuwa yameuchukulia mstari huo wa mwisho kama jambo moja la kupimwa pamoja na mengine, ukubwa, rafu, majira. Mahakama ya Rufani ikasema sivyo. Bunge limesema "ni pamoja na", na maana yake ni kwamba kitu kikitimiza masharti hayo, kimeshaingia kundini kwa nguvu ya sheria, hata kama mtu wa kawaida asingekiita hivyo. Na baraza la kwanza halikuwa limetoa jibu la swali lenyewe: je, mashimelo haya kwa kawaida huliwa kwa vidole? Kesi ikarudishwa kule kule ilikoanzia ili swali hilo lijibiwe.

Nimeisoma hoja ya mahakama mara kadhaa na naona imeisoma sheria sawasawa. Maneno ni maneno. Jaji hana ruhusa ya kulipunguza nguvu neno la Bunge kwa sababu matokeo yanamkera. Lakini naona pia kwamba baraza la 2022 lilikuwa karibu zaidi na jinsi watu wanavyokijua kitu kitamu, na kwamba sheria yenyewe ndiyo iliyoshika upande mbaya wa jambo. Imekwenda kuutafuta utamu mkononi.

Kipimo cha vidole kilitungwa kwenye meza yenye uma na kisu. Huko, kula kwa vidole ni jambo la pembeni. Ni kula nje ya mlo: njiani, kwenye basi, mbele ya televisheni, mkononi mwa mtoto. Mtunga sheria alipoandika "vidole" alikuwa na picha kichwani ya mtu anayechovya mkono ndani ya mfuko wa karatasi. Keki ya baada ya chakula huliwa kwa uma, kwa hiyo ni chakula. Pipi hutolewa mfukoni kwa vidole, kwa hiyo ni anasa. Kwa Mwingereza wa wakati ule kipimo hicho kilikuwa na akili kabisa.

Kipeleke Lamu, Mombasa au Unguja uone kinavyolegea. Sisi hatuna hata usemi huo. Tunasema kula kwa mkono, na mkono ndio chombo cha mlo wenyewe: wali hutiwa tonge, ugali hufinyangwa, biriani humegwa mpaka mfupa. Kijiko ndicho cha pembeni, cha uji, cha mgonjwa, cha mgeni asiyezoea. Kwa hiyo swali la vidole halitenganishi chochote kwetu. Tamko la "kilichotiwa utamu" litaokoa biriani, lakini halitaokoa kaimati zilizogaragazwa kwenye shira, wala vitumbua, wala visheti, wala mkate wa sinia, na vyote hivyo mtu wa pwani huvila kwa mkono bila kuwaza kwamba anakula pipi. Kaimati ni futari. Mtu aliyefunga kutwa nzima, adhana ya magharibi ikilia, akachukua tende kisha kaimati, yuko kwenye chakula chake, si kwenye anasa.

Nikisema "pipi" kwa mtoto wa Dar es Salaam, anajua mara moja ninachosema. Mkenya atasema peremende au switi. Kamusi zina lawalawa na tamutamu pia. Lakini mipaka ya neno hili haikuandikwa popote, na ukitaka kuijua sikiliza kitenzi kinachofuatana nalo. Pipi haitafunwi, ukiitafuna mama anakwambia utavunja meno. Pipi hunyonywa, humung'unywa. Inawekwa shavuni na kuhamishwa upande hadi upande mpaka iishe. Chokoleti huliwa. Kashata hutafunwa. Bigijii hutafunwa na haimezwi, ndiyo maana ina jina lake. Kwa Mswahili, naona, pipi huanzia mdomoni: ni kile kitu kitamu ambacho unakaa nacho.

Halafu kuna kazi ambayo pipi hufanya dukani na hakuna sheria ya kodi iliyoiona. Ukinunua kitu cha shilingi mia tisa na hamsini ukatoa elfu, mwenye duka akafungua mtoto wa meza na kukuta hana hamsini, anakupa pipi. Hakuulizi. Pipi ni chenji. Hawezi kukupa kashata kwa namna hiyo, wala kitumbua. Ukifanya hivyo mteja atakutazama. Pipi peke yake ndiyo yenye wepesi huo, kwa sababu ni ndogo, imefungwa, haiozi, bei yake inajulikana, na haina heshima ya kupoteza.

Halua haina wepesi huo hata kidogo. Nimeona halua ikipikwa Wete, Pemba: sufuria pana juu ya moto wa kuni, wanga na sukari na maji, samli inayomiminwa kidogo kidogo, hiliki, kungumanga, zafarani, na mwanamume aliyeshika mwiko mrefu akikoroga kwa mwili wote, maana ukiacha kukoroga inashika chini. Inachukua saa. Inaanza kama uji na inamaliza kama kitu kinachotaka kukupokonya mwiko. Kwenye nikaha, khutba ikishasomwa na dua ikaombwa, sahani za halua hupita kwa wanaume waliokaa chini, na nyuma yake buli la kahawa chungu na vikombe vidogo. Kila mmoja anamega kwa vidole vitatu, gumba na shahada na cha kati, anakunja kidogo ili isinyooke uzi, anaila, kisha kahawa. Hakuna anayekaa na sahani peke yake.

Kwa kipimo cha maelezo yale ya sheria, chakula hiki kimetayarishwa, kimetiwa utamu, na kwa kawaida huliwa kwa vidole. Hakuna kitu duniani kinachotimiza masharti yale vizuri zaidi. Lakini mwite mzee yeyote wa Wete umwambie kwamba halua ni jamii ya pipi. Pipi humtuliza mtoto. Halua humheshimu mgeni. Hakuna mtu anayepeleka posa na mfuko wa pipi.

Ajabu ni kwamba HMRC wenyewe wanalijua hili kwa kiasi chao. Katika mwongozo wao kuhusu chakula, vitu vya asili ya India na Pakistan kama barfi, halua, jalebi na laddu vimewekwa kwenye kiwango cha sifuri. Halua ya huko si ile ya Pemba, lakini ni ndugu wa jina na wa desturi: hununuliwa kwa uzito, hupelekwa kwa jirani, hugawiwa mtoto akizaliwa, huliwa sikukuu. Na huliwa kwa vidole. Yaani mtu fulani ofisini alizitazama desturi za watu, akaona kwamba vitu hivi vina nafasi ya chakula cha jamaa, akaviacha vipite. Naliheshimu jambo hilo. Ila sasa, baada ya Mahakama ya Rufani kusema kwamba kinacholiwa kwa vidole kimeingia kundini kwa nguvu ya sheria, nashindwa kuona mwongozo ule unasimama juu ya nini, labda mtu aseme kwamba barfi na laddu ni keki. Na hilo la kuviita keki ni kuvivisha nguo ya mtu mwingine ili vipate kupita mlangoni.

Wengine wameutafuta mpaka mahali pengine. Marekani kuna makubaliano ya kodi ya mauzo yanayotumiwa na majimbo mengi, na humo kitamutamu ni kitu cha sukari au asali kilichochanganywa na chokoleti, matunda, karanga au kingine, chenye umbo la kipande, tone au bapa, kisichohitaji friji, na kisicho na unga wa nafaka. Unga ndio unaoamua. Kwa hiyo bapa la Hershey's ni kitamutamu, lakini Kit Kat na Twix, kwa sababu ya unga ulio ndani, ni chakula. Jimbo la Washington lilijaribu mwaka 2010 kutoza kodi ya vitamutamu kwa kipimo hicho, likalazimika kutoa orodha ndefu ya majina ya bidhaa ili wenye maduka wajue cha kutoza. Kodi ilianza Juni, na Novemba wananchi wakaifuta kwa kura. Finland nako kuna salmiakki, kitu cheusi kinachotiwa kloridi ya amonia, chenye chumvi na ukali wa kupandisha puani. Mgeni akikionja hukitema. Watoto wa huko wanakipenda na kinauzwa kwenye mifuko ileile ya pipi, wala hakuna anayeuliza utamu uko wapi.

Kwetu Afrika Mashariki, mpaka umewekwa kwenye kakao. Forodha za Jumuiya hutumia mfumo wa kimataifa wa namba za bidhaa: pipi ziko namba 17.04, kwa sharti kwamba zisiwe na kakao. Zikiwa nayo zinahamia 18.06. Chokoleti nyeupe imetajwa waziwazi kuwa imo kwenye 17.04, pamoja na pipi, kwa kuwa haina ule unga mweusi. Chingamu nayo imo. Kwa mtoza ushuru wa bandarini ni mpangilio unaofaa, kwa sababu kakao inapimika maabara na hakuna haja ya kumuuliza mtu anakulaje. Sitaki kuudharau. Kipimo kinachopimika kina faida yake, na mfanyabiashara mdogo anayeingiza katoni mia anastahili kujua mapema atadaiwa nini, si kusubiri miaka mpaka mahakama tatu zimalize kubishana.

Na hilo ndilo linaloniuma katika kesi ya mashimelo. Kampuni iliuza kuanzia 2015 bila kodi. Kama ingekuwa imetoza, ingewatoza wanunuzi. Muuzaji wa namna hiyo akishindwa kesi, hawezi mtu kurudi kwa mama aliyenunua pakiti kiangazi cha 2016 na kumdai asilimia 20. Fedha zinatoka kwa muuzaji mwenyewe. Sheria inayomtwika mtu mzigo wa namna hiyo inapaswa iwe na kipimo ambacho angeweza kukitumia siku ile ya kwanza akiwa na pakiti mkononi. "Kwa kawaida huliwa kwa vidole" si kipimo hicho. Kinamtaka muuzaji wa jumla ajue kinachofanyika kwenye bustani za watu asiowajua.

Tulichukue swali lenyewe sasa, kama baraza lilivyotakiwa kulichukua. Neno zito ni "kwa kawaida". Mtu akifungua pakiti akatoa kipande na kukila kibichi, huyo ametumia vidole, hakuna la kujadili. Akikichoma, mambo yanagawanyika. Anayekiuma kwenye kijiti hakukigusa. Anayekichomoa kwa vidole kikishapoa amekigusa. Anayekibana kwenye biskuti, vidole vyake vimeshika biskuti; je, ameyala mashimelo kwa vidole, au amekula kitu kingine kipya ambacho mashimelo ni sehemu yake, kama vile anayekula mkate wenye asali hasemwi kuwa amekula asali kwa mkono? Mimi ningesema ni kitu kipya. Na yupo anayeyatupia kwenye kikombe cha kakao ya moto, au kuyayeyusha kwenye sufuria na siagi, na huyo naye ametumia kijiko.

Kingine: tunahesabu nini, watu au vipande? Familia inayochoma vipande kumi na viwili kwenye kijiti, na watoto wanaoiba vinne wakati moto haujakolea. Kila familia iliyowahi kuchoma mashimelo imeibiwa. Ukihesabu shabaha ya kununua, moto unashinda. Ukihesabu vidole vilivyogusa sukari, sijui kama moto unashinda. Wala sidhani kuna ushahidi wa duka, wa rafu au wa pakiti unaoweza kulimaliza hilo. Baraza la 2022 liliona rafu na majira vizuri. Vidole vinatazamwa kando ya makaa.

Ningekuwa na sauti katika kuiandika upya sheria ile, ningeondoa mkono kabisa. Ningeuliza kitu kinauzwa kiliwe chenyewe, hapohapo, bila kupikwa wala kuandaliwa zaidi, au kinauzwa kiwe sehemu ya mlo au ya karamu. Najua swali hilo nalo lina mashimo yake. Ubuyu wa Zanzibar, ule mwekundu wenye sukari, hiliki na pilipili, ungeingia kwenye kodi moja kwa moja, na sina ugomvi na hilo, kwa sababu ubuyu ni wa kumung'unya, mbegu unatema, ulimi unabaki mwekundu mpaka jioni. Kila mtoto aliyewahi kufichwa pakiti ya ubuyu chini ya dawati anajua kwamba alichoficha ni pipi. Halua ingebaki kwenye sahani yake. Na mashimelo makubwa yangekwenda na moto wake, isipokuwa pale ambapo pakiti yenyewe inakuambia uyale hivyohivyo.

Jioni ile kwa dada pakiti iliisha kabla makaa hayajafa. Mpwa wangu mkubwa alikuja kunionyesha vidole vyake: uzi mweupe umekauka kati ya gumba na shahada, na majivu kidogo juu yake. Akavitia vyote viwili mdomoni, akavilamba, akaenda kutafuta kijiti chake.